Mdogo Wangu wa Televisheni Anataka Sahihi Yangu

Mama Marie, nakusalimu kwa heshima. Nakusoma kila gazeti likifika kanisani, na sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa mimi wa kukuomba msaada, lakini sina mwingine wa kumwambia, kwa sababu wote wanaonizunguka wanamjua mtu ninayetaka kumsema, wanamwona kwenye televisheni kila Jumanne. Tafadhali badilisha majina yetu, na ile tamthilia usiitaje.

Mimi ni Mrundi, nina miaka thelathini na sita, nasuka nywele kwenye saluni moja hapa Isipingo, kusini mwa Durban, karibu na rank, kile kituo cha taxi. Mdogo wangu nitamwita Iteka, ingawa kule Amerika ana jina lingine ambalo hata mimi nilijifunza kulitamka kwa kumsikiliza mtangazaji. Mwaka 2000 alitoka kambi ya wakimbizi Kigoma akaenda Amerika na shangazi yetu akiwa na miaka kumi na minne, mimi nikabaki kwa kuwa nilikuwa mtu mzima na karatasi zangu zilikuwa tofauti na zao. Huko akasoma, akaanza kuigiza shuleni, akatokea kwenye tangazo la dawa ya meno, kisha wakamlaza kitandani kwenye tamthilia ya hospitali akiwa maiti, hana hata neno moja la kusema, na siku hiyo alinipigia simu akicheka, eti wamemwambia anajua kufa vizuri. Miaka mitatu baadaye tamthilia ileile ikamrudisha akiwa nesi, na mpaka leo ndiye nesi, huu ni mwaka wa nne, na wateja wangu wa Kizulu wananiambia nesi yule anafanana na wewe, mimi nacheka tu.

Mwezi wa saba mwaka huu, 2014, nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, televisheni iko juu ya kioo, nikamwona Iteka anahojiwa. Akaulizwa alitokaje Burundi mwaka 1993. Akasema alitembea siku nne mpaka mpakani, akiwa na miaka saba, na mdogo wake mchanga mgongoni, na kwamba mtoto alinyamaza kabla hawajafika mtoni. Basi. Hakusema dada. Hakusema kulikuwa na mtu mwingine njiani. Henriette, Mkongomani mwenye saluni, akanigeukia.

"Si wewe ulituambia huyu ulimvusha kwa mgongo wako?"

Nikasema televisheni inachanganya mambo, nikaendelea kusuka, lakini ile mistari ya nywele ilipinda na ilibidi niifumue.

Sasa nitakuambia nisichomwambia hata mume wangu Ladislas, na tumeoana miaka saba. Mama alikuwa ameshauawa, baba hatukujua aliko, mimi nina miaka kumi na tano, nimebeba maharage na sufuria na ninatangulia kuangalia njia, Iteka ananifuata na Gaël mgongoni, mdogo wetu wa miezi minane. Siku ya tatu mchana nilirudi nyuma kumkaza kitenge, nikamshika mtoto mguu, nikajua. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na watu wenye mapanga na niliogopa Iteka atalia tusikike, basi nikafunga kitenge, nikamwambia amelala, twende. Akambeba mpaka jioni. Jioni nikasema nampeleka kwa masista wenye zahanati, nikaenda nyuma ya kilima nikamzika peke yangu, nachimba kwa sahani, nikarudi nikasema wamempokea. Miaka ishirini na moja nimesema hivyohivyo. Shangazi hajui, hakuna anayejua, na mimi sijawahi kuota ndoto nikaongea, Ladislas angeniambia. Sasa Iteka amejuaje? Na kama alijua, kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo akaja kuyasema mbele ya kamera, na mimi akanifuta?

Mwezi wa kumi akaja Durban, wanarekodi hapa sehemu za tamthilia kwa siku nne. Akanitumia ujumbe kwamba tukutane Glenwood kwenye mkahawa, nije peke yangu, nisimwambie mtu. Nilipofika alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi na miwani ya jua, na ng'ambo ya barabara, karibu na robot, zile taa za barabarani, kulikuwa na gari na mwanamume ndani anatuangalia. Tukakumbatiana, analia, analia kweli au analia kama nesi sijui, mimi siwezi tena kutofautisha. Simu yake aliiweka mezani kifudifudi, na mimi mazungumzo yote naiangalia ile simu, najiuliza kama inarekodi.

Akatoa karatasi tatu za Kiingereza.

"Dada, wanataka kutengeneza filamu ya maisha yangu. Soma na mtu unayemwamini, halafu uweke sahihi."

"Mimi wananihitaji kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwepo."

"Kwenye televisheni sikuwepo."

Akavua miwani. "Sikutaka kukutaja kabla hujakubali."

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha jibu hilo. Akaangalia chai yake, kisha akaniuliza kwa Kirundi, taratibu sana, "Dada, wale masista walikuwa wa shirika gani?"

Nikasema sikumbuki. Akasema, "Sawa." Nikachukua karatasi, nikaondoka bila kumuaga, na tangu siku ile amenipigia mara tatu na sipokei.

Mama Marie, Iteka anarudi kabla ya Noeli. Ladislas, ambaye anajua habari ya karatasi tu, anasema nizichome. Henriette anasema iko mtego, kwamba nikisaini watanionyesha dunia nzima kama dada aliyemwacha mtoto wa miaka saba abebe mtoto mchanga, na kwamba hata Home Affairs wanaweza kuitumia nikienda kuongeza muda wa karatasi zangu za ukimbizi. Mimi naona Iteka anataka kuchukua kilichobaki, maana yeye ana kila kitu na mimi nina hiyo siri tu. Kopi nimeiweka humu. Nisaini au nichane?

Dada Mkubwa, Isipingo

*

Dada Mkubwa,

Majina nimebadilisha, lako na ya wenzako. Pole sana. Ulikuwa na miaka kumi na tano na ulimfikisha mtoto mmoja akiwa hai. Mtu akikuambia ulikosea kumnyamazisha Iteka pale bondeni, muulize yeye angefanya nini, kisha ondoka bila kusubiri jibu.

Hapo naimaliza huruma, kwa sababu umenikasirisha. Umekaa na karatasi tatu mwezi mzima. Umesikiliza Henriette anasema zina nini, umesikiliza Ladislas anasema zifanywe nini, na hakuna kati yenu aliyezisoma. Mimi nimempa Urbain, mkalimani wa mahakamani hapa mjini, na alimaliza kabla chai yake haijapoa. Ukurasa wa kwanza ni majina ya ukoo. Wa tatu ni tarehe na sahihi. Ukurasa wa pili unasema kwamba habari ya mtoto aliyefia njiani haitaigizwa, jina lake halitatajwa, na dada mkubwa hataonyeshwa, mpaka dada huyo asome maneno yote na kuyakubali kwa maandishi. Akikataa, sehemu hiyo haitengenezwi. Urbain anasema kipengele hicho kimeongezwa baadaye, na pembeni yake kuna herufi za jina la mdogo wako kwa kalamu. Mtu anayekutega hakupi wewe uwezo wa kumzuia.

Unauliza amejuaje. Dada, alimbeba. Mtoto wa miaka saba anajua uzito alionao mgongoni, na anajua ulipobadilika. Nadhani alijua siku ileile akanyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza. Lile swali la masista huenda lilikuwa mtego, moyo wake mimi siuoni. Lakini mimi naona alikuwa anakufungulia mlango, na wewe ukasema hukumbuki.

Na yeye ana kosa, nisikufiche. Ameiambia dunia kabla ya kukuambia wewe, na akajiweka peke yake njiani. Mwambie hivyo usoni, usipunguze neno.

Sasa fanya haya. Usisaini, usichane. Mwambie Ladislas yote kabla ya Jumapili. Amelala kando yako miaka saba, atastahimili. Habari hii Henriette asiisikie tena, kazi yake ni saluni. Urbain hakuona chochote kinachogusa karatasi zako za ukimbizi, lakini wapelekee wale wanasheria wanaosaidia wakimbizi bure, wakuhakikishie. Kisha Iteka aje nyumbani kwako Isipingo, siyo mkahawani, bila mtu wa gari, na simu yake ikae chumba kingine. Mwambie kile kilima kiko wapi na ulichimba upande gani. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee. Filamu mtaiamua baadaye nyinyi wawili, na kama jibu lako ni hapana, andika hapana, kipengele kile kinatosha.

Niliona ni vibaya ungoje gazeti, ndiyo maana Jumatano nilikupigia nikakusomea ukurasa wa pili. Kisha ukaniuliza kule Amerika sasa ni saa ngapi. Nikasema ni asubuhi, atakuwa ameamka. Ukasema eish, nina kichwa cha mtu hapa, nimefika nusu. Nakurudia nilichokuambia, ili na wengine wanaosoma wasikie: mwambie mteja asubiri.

Mama Marie