Mashine Aliyoichagua Mwita

Kegonga

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka huku Kuria. Goti lako linaendeleaje? Ndugu yangu Ouma aliniambia umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu, nikafurahi. Natumaini mvua haijaharibu mahindi ya kule chini karibu na ziwa, na bibi yetu dani bado anakunywa uji wake bila kusumbua.

Mimi mwili wangu ni mzima. Najua umenipigia simu mara nyingi nami nikakujibu kwa maneno mawili na kukata. Usidhani nimekasirika. Kila nikitaka kukueleza habari ya Mwita, sauti inaisha. Ndiyo maana naandika.

Mama, Mwita ametuacha. Tumemzika nyumbani kwao, nyuma ya boma la baba yake.

Unamkumbuka alivyokuja Kendu Bay tulipomzika baba, akachimba kaburi pamoja na wajomba ilhali hajui hata neno moja la Dholuo. Tangu aliponipa nafasi kwenye karakana yake, nikiwa mgeni ninayetafuta kazi ya useremala, hatujawahi kutengana. Kikohozi chake kilianza kama mafua. Tulikuwa tukipasua mvule, na vumbi la mvule ni kali, linachoma mpaka kooni. Alifunga kitambaa puani akaendelea. Baadaye akawa hawezi kubeba ubao mmoja bila kuketi.

Nikampeleka Homa Bay kwa daktari wa kifua. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, na mapafu yaliyokwisha kuwa na makovu hayarudi. Akamshauri aache kazi ya mbao. Na kama hawezi, basi tutafute mashine ya kuvuta vumbi palepale linapotoka, kwa sababu barakoa peke yake haitoshi. Mimi nilishika hayo ya mwisho tu. Njia nzima ya kurudi niliongea habari za mashine, na Mwita akatazama nje ya dirisha.

Tulienda Migori kuziangalia. Dukani kulikuwa na moja ndogo ya magurudumu, yenye mfuko wa kitambaa juu, ambayo mtu anaisukuma mpaka kwenye msumeno anaotumia. Niliipenda kwa sababu tungeondoka nayo siku hiyo hiyo. Mwita alimwomba mama muuzaji aiwashe karibu na mlango, mahali jua linapoingia, kisha akamwaga konzi ya unga wa mbao aliokuwa amebeba mfukoni. Mashine iliumeza wote. Lakini mfuko ulipojaa upepo, tuliona kwenye mwanga wa jua vumbi jembamba likitoka katika nyuzi za kitambaa kama moshi.

"Hii inakula maranda," Mwita akasema, "lakini vumbi yenyewe inaturudishia."

Yule mama hakubisha. Alituambia kuna ya aina nyingine: feni kubwa na mabomba yanayofika kwenye kila mashine, halafu chombo cha bati kama funeli ambamo upepo unazunguka, maranda yanaangukia kwenye pipa, na lile vumbi jembamba linatupwa nje ya ukuta. Ila hiyo ingebidi fundi wa kuchomelea aje kuipima karakana yetu na kuitengeneza. Tungesubiri.

Tukabishana pale nje ya duka. Nilimwambia hatuna muda wa kusubiri, anakohoa kila siku, tuchukue ndogo angalau apumzike kidogo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, maana pumzi zilikuwa chache: "Otieno, daktari nilimsikia vizuri. Mimi hakuna mashine itanisaidia. Tunanunua ya kifua chako."

Nikageuka nikarudi dukani, Mama. Tukaagiza ile kubwa.

Wakati tukiingoja, alikaa kwenye kiti akielekeza. Alinifanya nisogeze mashine ya kuranda karibu na ukuta ili bomba liwe fupi na lisipinde sana, kwa kuwa upepo hupotea kwenye kona. Akakataa vumbi litokee upande wa njia wanapopita watu. Tukatoboa ukuta upande wa migomba.

Aliiona ikifanya kazi mara moja tu. Boke, mkewe, alimshika mkono mpaka mlangoni. Nikaranda ubao wa saipresi kutoka mwanzo hadi mwisho, na hewa ikabaki safi. Mwita akatazama ndani kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuuona ukuta wa nyuma wa karakana yake wakati wa kazi. Kisha akaomba arudishwe alale. Baada ya hapo hakutoka nyumbani tena.

Boke aliniomba jeneza nilitengeneze mimi. Nikachukua mbao za mvule alizokuwa Mwita ameweka kando akitafuta mteja anayezistahili. Majirani walisimama mlangoni wakinitazama nikifanya kazi. Mashine ilivuta kila kitu, Mama. Nililia mbele yao, na hapakuwa na vumbi la kusingizia.

Najua utaniambia nirudi nyumbani sasa. Boke ameniomba nisiifunge karakana, na nimekubali. Nitakuja kuwaona mvua ikipungua, nikae kidogo, kisha nirudi huku.

Nisalimie dani, na Ouma na mkewe, na shangazi anayeuza omena sokoni, na mzee wa kanisa aliyetuombea wakati wa msiba wa baba. Mwambie amtaje Boke katika maombi ya Sabato.

Na ukinipigia simu, Mama, usianze na pole. Niulize wiki hii natengeneza nini. Hapo nitaweza kuongea.

Ni mimi mwanao,
Otieno