Vigelegele vya Upande Usio Wetu

Raishatu uko? Nimejifungia stoo kwa mama mkwe. Nimekwisha, shoga, nimekwisha!

Si leo ngoma za Bianu, ile sikukuu Mashariki ya mji inaposhindana na Magharibi? Ghumur, mume wangu, ndiye aliyepewa ngoma kubwa ya Magharibi, mara ya kwanza maishani mwake. Mimi na wanawake wa kwao tuko juu ya paa, tunasubiri pande mbili zikutane uwanjani.

Vumbi likatimka, wakatokea wa Mashariki. Mbele yao nani? Kaka yangu Alhuseini na kilemba chake cha buluu, anaruka vile vile alivyokuwa akiruka uani kwetu.

Nikapiga vigelegele. Raishatu, NILIPIGA VIGELEGELE! Mke wa Magharibi, juu ya paa la Magharibi, nawashangilia Mashariki! Vilinitoka vyenyewe, wallahi.

Mama mkwe akanigeukia: "We mwanamke, umeolewa huku au umetumwa?"

Kule chini Ghumur akainua kichwa, akapoteza mdundo. Ngoma kubwa ikanyamaza mbele ya mji mzima wa Agadezi. Mashariki walicheka mpaka wakashika magoti.

Nikajipa moyo kwamba labda hakujua ni mimi. Mapaa yalijaa wanawake!

Sasa hivi Ghumur amekuja hapa mlangoni. Hakugombana. Kasema tu, "Sauti yako naijua hata kwenye watu elfu," akaenda zake.

Raishatu, ndiyo maneno aliyonichumbia nayo.