Siku Betri za Redio Zilipoisha

Chebet mjukuu wangu,

Huku Sosiot tuko wazima. Nyanyako anauliza kama unakula. Ng'ombe mweusi amezaa, na majani ya chai yanachipuka kuliko mikono yetu inavyoweza kuchuma. Nimeinuka mara tatu kabla ya kumaliza mistari hii, unanijua.

Umeniuliza: teknolojia ya ufundishaji ni mashine, ama ni nadharia za vile mtu hujifunza? Na mtihani ni Jumatatu! Haya basi.

Nikiwa chuo cha ualimu, nilipelekwa shule moja kufanya mazoezi, nikifundisha Kiingereza kwa vipindi vya redio. Siku mkaguzi alipokuja kuamua kama nitafaulu, betri ziliisha katikati ya kipindi. Nikaendelea mwenyewe, nikizungukazunguka, maneno yakifurika kama maziwa yanayochemka jikoni. Hakuna mtoto aliyejibu.

"Mbona redio mnaijibu?" nikafoka.

Msichana wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, redio ikiuliza hunyamaza, inatungoja. Wewe unauliza na kujijibu."

Darasa likacheka, na mkaguzi pia.

Nikauliza tena, nikafunga mdomo. Kimya kilinitesa, miguu ikaniwasha. Kisha mkono mmoja ukapanda, halafu mitano.

Aliyetunga kipindi alijua mtoto hujifunza akipewa nafasi, akaiweka humo ndani. Redio iliibeba tu. Nilifaulu, ingawa mkaguzi aliandika: "Ajifunze kutulia."

Sasa jibu swali lako mwenyewe. Nimekuachia nusu ya ukurasa huu. Nanyamaza, na unajua inavyoniuma.

Kugo wako, yaani babu