Samli Isiyoganda

Ikungi, Singida
9 Julai 1975

Mpendwa Simoni,

Leo salamu zitasubiri. Jana, Jumanne, Bwana Mifugo Andrea Mughwai aliwaambia viongozi wa kijiji kwamba Dada Martha hakutia mafuta ya kupikia kwenye samli. "Alizeti imo," alisema, "lakini imepitia mdomoni mwa ng'ombe." Mdomo huo ni wewe uliyeulisha.

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa Dada. Barua yako ilisomwa mkutanoni tarehe 14 Juni, na siku hiyo hiyo Mwenyekiti Yohana alimnyang'anya ufunguo wa nyumba ya maziwa, aliokuwa nao tangu kijiji cha ujamaa kianze. Kisimani wanawake humwimbia: "Mpisheni Mama Alizeti! Mama, leo umekamua ng'ombe au mashine?" Anajaza ndoo yake na kuondoka. Kanisani haendi tena.

Mwenyekiti ulimwandikia shikamoo. Dada, aliyekubeba mgongoni, hukumwuliza hata neno moja.

Uliandika kwamba uligeuza mkebe aliokupelekea Dada juu chini asubuhi ya baridi na samli ikamwagika. Kweli, ndivyo Mama alivyotufundisha: samli ya Juni ikimwagika, imetiwa kitu. Mama alikuwa sahihi kwa ng'ombe wake. Walikula majani na mabua ya mtama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja mashudu. Hawa wetu wameonja. Magunia kumi ya mashudu ya alizeti, makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, yalikuja kwa lori mwezi wa Aprili, kutoka kwenye kinu cha mafuta unakofanyia kazi, na kila gunia lina jina lako kwa rangi nyeusi. Ulituagiza tuwape asubuhi na jioni, kipimo hukutaja. Tukawapa.

Andrea hakubishana na mtu. Alitenga ng'ombe wawili kwa majuma matatu, mmoja kwa majani na mabua tu, wa pili kwa mashudu yako. Alikamua mwenyewe, na Martina mke wangu akayasuka maziwa ya kila mmoja katika kibuyu chake. Jana asubuhi chupa mbili za samli zilikuwa kwenye dirisha moja. Ya mla majani ilikuwa imeganda, ikabidi ichokolewe kwa kijiti. Ya mla mashudu ilimiminika kama uji mwepesi. Alieleza kwamba mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi hii yetu. Ng'ombe akiyala kwa wingi, mafuta katika maziwa yake hupungua, na yanayobaki huwa laini. Si sumu, wala si wizi.

Yohana alizichungulia chupa mara mbili. Nilimtaka arudishe ufunguo pale pale. Akasema, "Laurian, barua ilisomwa mbele ya watu. Aliyeiandika ataifuta mwenyewe, mbele ya hao hao." Alisema kweli.

Mimi nami nina kosa. Mwezi wa Mei niligeuza kibuyu cha hapa nyumbani, samli ikamwagika, nikanyamaza. Lakini sikumwandikia mwenyekiti.

Mkeo Esta, ambaye namsalimu kwa moyo mweupe, amemwandikia Martina kwamba samli hiyo ya wizi bado mnaikaangia. Mkiimaliza, tunzeni mkebe. Ni wa Dada.

Msalimie pia Shangazi Theresia. Martina anakusalimu. Dada hajakutumia salamu, nami sikumwomba.

Basi la kutoka Dodoma hupita hapa Ijumaa jioni. Utalala kwangu, na kwa Dada utapiga hodi kabla hujaketi kula. Mungu akulinde njiani, akupe na sauti ya kutosha, maana wanaokaa nyuma watataka kusikia kila neno.

Mkutano ni Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa tatu asubuhi, uwanja wa shule.

Bado ni kaka yako,
Laurian