Mzee Tiketi wa Stesheni Kuu

Mwaka umetimia leo, Baba Watoto, tangu ulipoivua kofia ya reli na kuniacha katika nyumba hii ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani hata kubishana.

Miaka thelathini na minane ulisimama lango la tatu ukitoboa tiketi. Abiria wakakuita Mzee Tiketi, nami nikawa Mama Tiketi bila kuulizwa.

Stesheni uliijua kama ukoo wako. Baba yako alibeba mawe ya ukuta wake wa kwanza, enzi za jukwaa moja na paa la bati. Ulisema mji mzima umepita pale: walimu, askari, wagonjwa, maharusi, magunia ya chumvi na magazeti. Aliyekosa treni ulimpoza kwa historia: mnara wa saa ulijengwa lini, mlango upi walipita wakubwa peke yao, na siku gani milango yote ilifunguliwa kwa kila mtu. Yule fundi cherehani ulimsimulia mpaka akakosa na treni ya pili! Ukamleta nyumbani ale. Nikikumbuka nacheka peke yangu, na hakuna wa kuniuliza kinachonichekesha.

Mara moja nilikununia kweli kweli. Siku kitinda mimba wetu anakwenda kuanza kazi mbali, ulinizuia langoni mbele ya watu.

"Mama, tiketi ya jukwaa ya msindikizaji iko wapi?"

"Baba Watoto, leo hunijui?"

"Nakujua sana. Nikikupitisha wewe bure, nitamzuia nani?"

Nikabaki nje ya uzio, nikapungia mkono behewa ambalo mwanangu hakuwemo. Wiki tatu sikukusemesha. Ulikuwa mgumu, mume wangu, lakini hukuwa na nyuso mbili.

Watoto wote wanne waliondokea lango lako, na tiketi zao ulizitoboa wewe. Hukulia mbele yao. Ulirudi nyumbani, ukavua viatu, ukakaa jikoni. Nilikuwekea chai, sikukuuliza kitu.

Sasa langoni kuna mashine, na nyumba hii inatakiwa na mfanyakazi mwingine. Ijumaa nahamia kwa kifungua mimba wetu, safari ya siku mbili. Sufuria nimeshazifunga, kitanda nimempa jirani. Watoto wanasema huko nitapata watu wa kuzungumza nao, na hawajakosea. Upweke wa humu ndani umenishinda.

Ila kaburi lako liko hapa mjini, na miguu hii haitanirudisha mara nyingi. Pengine haitanirudisha kabisa. Naogopa kukuacha, nasema ukweli.

Mwaka mzima, kila Jumapili, nimekuja kaburini kukaa nawe na kukueleza habari za stesheni. Jumapili ijayo usinisubiri.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Wanao wanne na wakwe zako. Wajukuu saba, mdogo wao hukumpakata. Dada yako mkubwa. Na wenzako wote wa langoni.

Popote tutakapokuwa, hutatutoka moyoni.