Sifa za Mkwe, Kasoro za Binti

Haugland,
Finnøy, Norwe.
27 Aprili 2009

Mpendwa Shangazi Gunnvor,

Shikamoo. Hujambo huko Antsirabe? Goti linaendeleaje, na yale macho uliyosema yanatoa machozi ukisoma? Sisi huku wazima. Baba yuko imara, kondoo karibu wote wamezaa mapacha, na Tiril wetu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka huku kaziba mdomo. Mvua haijakatika tangu Pasaka, lakini hiyo unaijua.

Afya ninayo, ila roho haina raha. Nimekasirika, Shangazi. Nimekasirika na kaka yako.

Unajua tulipangiwa kuja Madagaska mwezi Agosti, mimi nikafanye ukunga kwenye zahanati ya misheni kule kusini, mume wangu Asgeir akachimbe visima. Kazi hospitalini nimeshaacha. Nyumba tumempangisha mwalimu mmoja, anaingia tarehe mosi Julai. Vyombo vyote vimo kwenye maboksi, tunagombania vijiko vitatu, na tumechomwa chanjo hadi mabega yamevimba. Kina mama wa kikundi cha Jumanne wameleta soksi za sufu jozi arobaini, eti tukawagawie watu. Nikawaambia kusini kule ni jua kali. Borghild wao akanijibu, "Miguu ni miguu, Solfrid. Beba." Nimebeba.

Wiki mbili zilizopita ikaja barua kutoka ofisi ya misheni. Asgeir amekubaliwa. Mimi bado. Wanasema barua yangu ya utambulisho kutoka nyumba yetu ya sala inatia mashaka, na wanataka nyingine kabla ya tarehe kumi na tano Mei, la sivyo nafasi yetu wanapewa wengine. Na barua hizo anaandika nani? Mwenyekiti. Na mwenyekiti ni nani, mwaka wa ishirini na sita huu? Baba yangu mzazi!

Nikapiga simu ofisini, nikambembeleza dada mmoja anisomee. Aliona haya, maskini, lakini akasoma. Solfrid ana hasira za haraka. Solfrid hapendi kuongozwa. Solfrid huchelewa ibada, na akishafika huangalia saa. Alipokuwa na miaka kumi na mbili alikula keki ya mnada wa misheni kabla haijanadiwa. Kisha sahihi. Jamani! Hata kusema tu kwamba nusu ya watoto wa kisiwa hiki nimewapokea mimi, hakusema.

Nikavaa buti, nikamfuata zizini. Baba, ndiyo nini hii? Hata hakugeuka, anampa mwanakondoo chupa. "Kuna uongo hapo?" Nikasema uongo hakuna. "Basi. Mtu hamsifu mwanawe. Hayo ni majivuno."

Nikanywea. Wewe umelelewa nyumba hiyohiyo, unatujua: chakula kikiwa kitamu tunasema kinalika. Asgeir alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Ukoo wenu mkiulizwa habari za mbinguni mtasema si pabaya." Nikamsamehe mzee, nikaona amezidisha unyenyekevu tu.

Jana Asgeir akaletewa nakala ya barua yake. Ukurasa mzima na nusu! Mchapakazi, mpole, mtu wa maombi, ana mikono ya dhahabu. Ya dhahabu, Shangazi, kutoka kwa mtu ambaye Mama amekufa hajasikia sifa kinywani mwake! Hapo damu ikanichemka. Mtoto wa mwenzake hakuweza kumharibia, basi akanikaba mimi, maana anajua Asgeir haendi bila mkewe.

Na mzee huyuhuyu ndiye mwenye picha kumi na nne za wamisionari kwenye friji, anawaombea kila asubuhi kwa majina kabla hajagusa kahawa. Tangu nipate akili namsikia akiomba, Bwana, tuma watenda kazi. Nikaingia jikoni kwake bila hodi, nikamwambia usoni, "Unaomba atumwe mtoto wa nani? Wa jirani?" Nilifoka na kulia kwa pamoja. Si adabu, najua.

Akaweka kikombe chini. "Gunnvor alisema miaka minne," akasema. "Mama yetu alimtandikia kitanda mpaka siku aliyokufa. Kila Jumamosi anabadilisha shuka. Shuka ambazo hakuna aliyezilalia." Akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akaniuliza, "Na ninyi mmeandikiwa miaka mingapi?"

Mkataba wetu unasema minne.

Shangazi, tangu utoto nimejivunia wewe, na hata huu ukunga nimeusomea kwa kukuiga. Sijui kilichokuzuia kurudi, wala si kazi yangu kukuhukumu. Lakini nimechoka. Nimepoteza siku kumi na nne nikigombana na mzee kuhusu keki na saa, kumbe ugomvi wenyewe ni wenu wawili na una miaka thelathini na minane.

Basi naomba, usimwandikie habari zangu. Wala usimhubirie, maandiko anayajua kukushinda. Mpigie simu. Saa sita mchana huwa yuko mezani na viazi vyake. Mweleze kwa nini hukurudi, hata kama sababu ni ndogo, hata kama inakuaibisha. Akishakusikia na bado akagoma kuandika, nitafungua maboksi, nami sitamlaumu tena.

Nisalimie mumeo Solofo, na binti yenu Voahangy na mumewe. Asgeir anakusalimu, Tiril amekuchorea kondoo, ni yule mwenye miguu sita. Mungu awatunze wote nyumbani kwako, na akulegezee ulimi utakapoisikia sauti ya kaka yako.

Ila kama huji, Shangazi, usimwambie utakuja.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata katika hasira hizi,

Solfrid