Povu Ukutani

12 Machi

Mwanangu wa pekee,

Hujambo huko mbali? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinunia. Usicheke mwandiko, unatembea kama kuku kwenye tope, lakini ni wangu. Sikumwomba mtu aniandikie.

Umeuliza ilikuwaje. Uvimbe wa shingo tu! Mama yako aliingia akinitania, "Mzee, usiniunguzie sufuria." Wakampiga nusukaputi, hakuamka. Na usifikiri ni mitambo. Mabomba ya gesi ya chumba kile cha upasuaji nimeyafunga mimi, kazi ya miaka thelathini. Wiki ile ile hospitali waliniita, mstaafu mimi, nizibe bomba linalovuja, vijana wenye vyeti wameshindwa. Nikamwambia mama yako, "Utalala juu ya kazi ya mumeo." Kwa hiyo aliyemuua ni yule daktari wa usingizi, kijana wa viatu vyeupe. Mshtaki. Nitasimama mbele ya hakimu nimfundishe bomba ni nini.

Jambo jingine. Chumbani kwetu kuna kitu kinavuja. Sss, sss, ukutani, upande aliolala mama yako. Nitapaka povu la sabuni. Panapovuja lazima patoe mapovu, fundi hadanganywi.

Baba yako, Fundi Mkuu

3 Aprili

Baba, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje? Unakula lakini? Nimepata wakili. Anasema daktari atanyang'anywa leseni, na huenda akafungwa. Utetezi wake wa ajabu kweli: eti mama alipoanza kubadilika rangi alimfungulia oksijeni, na kadiri alivyoongeza ndivyo midomo ilivyozidi kuwa ya bluu. Hebu niambie, baba, wewe mwenye mabomba yako, mtu anakufa kwa kuongezewa oksijeni? Wakili anataka jibu lako kwa maandishi.

Binti yako

29 Aprili

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Jirani ameniambia umepaka sabuni ukuta mzima na hufungui mlango. Unanitisha. Kesi ni tarehe 20 mwezi ujao. Andika hata mistari miwili.

Binti yako

8 Mei

Mwanangu,

Sijakuuliza hali kwa sababu najua nakuja kuiharibu.

Barua yako niliisoma nimesimama, kikombe mkononi. Nilipofika kwenye midomo, nikajua.

Zamani kila gesi ilikuwa na rangi ya bomba lake. Mimi nilifuata rangi. Safari hii, badala ya yale yaliyovuja, wakaniletea mabomba mapya, meupe yote, yana maandishi ya kigeni tu. Ningeuliza, wangejua Fundi Mkuu hawezi kuyasoma. Nikaunganisha kwa kukumbuka. Msimamizi wa hospitali akasema, "Mzee, tumwite mtu apime kabla hawajaanza?" Nikamjibu, "Apime kazi yangu mimi? Akapime mkojo!" Akacheka, akatia saini.

Chumba kimefungwa tangu siku ile. Walikagua mashine, ukuta hawakuufungua. Jana nilikwenda na spana yangu, nikaufungua mbele ya msimamizi. Yamepishana. Kijana yule alikuwa akifungua oksijeni, inatoka gesi ya usingizi. Kila alipomwokoa mama yako, mimi nilimlaza.

Hii ndiyo karatasi ya wakili. Mpe kama ilivyo.

Baba

2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nauliza hivyo kwa sababu sijui.

Nilisema yote mahakamani. Sikujisifu hata kidogo, ungekuwepo usingenijua. Daktari amerudi kazini. Tulipotoka nje alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Afadhali angenizaba kofi. Mimi nitaitwa mwezi ujao, wamenikataza kutoka mjini. Nitoke niende wapi?

Sufuria zake sijaunguza hata moja.

Ule mlio wa ukutani haujaacha. Leo mchana nimepaka povu tena, kutoka sakafuni mpaka darini, nikakaa kitandani kungoja. Likakauka lote. Halikutoa pumzi hata moja. Na bado nasikia, sss, sss, kama mtu anayefunguliwa hewa na hapati.

Nimeshindwa, mwanangu. Ndiyo mara ya kwanza naliandika neno hilo, herufi zake zimenisumbua.

Ukiniandikia, usiweke shikamoo kama haitoki moyoni. Andika tarehe tu. Nitajua upo.

Baba yako, ukipenda